Tundu la Mwisho la Kota Namba Saba

Kitu cha kwanza nilichokiona kwenye mchoro ule ni kwamba watu wake walikuwa wamevaa makoti.

Walikuwa wanne, baba, mama na watoto wawili, wamesimama mbele ya nyumba safi wanacheka. Mama alikuwa amejizungushia kitambaa kizito shingoni. Mtoto mdogo alikuwa amevaa soksi mikononi. Nilidhani mchoraji amekosea, nikasogea karibu. Hakukosea, zilikuwa soksi za mikono kweli. Juu ya mchoro paliandikwa kwa herufi kubwa: HIVI NDIVYO MTAKAVYOISHI. Siku hiyo jua lilikuwa kali hata mbuzi wa Mama Kurwa alikuwa amejilaza kwenye kivuli cha ubao wa mchoro huohuo.

Nilifikiri labda kuna baridi inakuja, serikali imeshaiona, na sisi zamu yetu ya kuambiwa haijafika.

Nchi yetu ni nchi nzuri. Jina lake silitaji, kwa sababu kulitaja kunahitaji kibali, kibali kinahitaji sahihi, na mwenye sahihi yuko safarini. Tunayo Wizara ya Mvua, ambayo hutangaza mvua mara tu inapokwisha kunyesha, na haijawahi kukosea. Tunayo pia Wizara ya Hewa. Mwaka ule Mheshimiwa Waziri wa Hewa alikwenda ughaibuni kwenye mkutano mkubwa wa mataifa, ambako kila nchi ilikuwa ikiahidi kupunguza hewa ukaa, ule uchafu wa moshi unaoichemsha dunia. Nchi zenye viwanda ziliahidi kupunguza robo, kidogo kidogo, zikipata nafasi. Mheshimiwa wetu, ambaye hapendi nchi ishindwe, alisimama akasema, "Sisi, nyumba za maskini wetu hazitatoa moshi hata unywele mmoja. Na tutamaliza kabla ya Krismasi."

Ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi. Wakampa mradi, kwa sharti moja tu: wakazi washirikishwe.

Hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu. Kuziba nyumba anaweza fundi yeyote. Kumshirikisha mkazi ni taaluma ya watu waliosoma.

*

Kota Namba Saba ni safu mbili za vyumba, vyumba ishirini na vinne, zilizojengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha kuchambua pamba. Kiwanda kilikufa, kota zikabaki mali ya umma, na sisi tukabaki ndani yake. Aliyezijenga hakujua habari za hewa ukaa, lakini joto alilijua. Juu ya kila dirisha aliacha matundu saba ya hewa. Ukilala chali unaiona mbingu vipande vipande. Katikati ya safu palikuwa na jiko la pamoja, paa la bati juu ya nguzo nne, halina kuta. Wanawake wote walipika pale, na moshi ukaenda zake.

Mimi naitwa Sikudhani. Nilikaa chumba namba kumi na tisa na Bibi yangu, Bi Mwanahawa, aliyenilea tangu mama yangu afariki. Bibi alikuwa na pumu. Kigoda chake kilikaa chini ya tundu la mwisho upande wa kushoto, kwa kuwa upepo wa alasiri uliingilia hapo. Kifua kikimbana alikaa pale, akainua uso na kufungua kinywa kama kifaranga.

"Hili tundu ndilo mume wangu wa pili," alikuwa akisema. "Wa kwanza alikuwa akikoroma. Huyu ananipulizia tu."

Sikuwa na mtu mwingine. Nalisema hili mapema ili ijulikane nilikuwa nalinda nini.

*

Siku ya kushirikishwa alikuja Bwana Kasembo, Afisa Mshirikishaji Mwandamizi. Alikuja na kipaza sauti, ingawa tulikuwa watu arobaini na tulikuwa tumekaa miguuni pake.

"Ndugu wakazi!" alisema. "Zamani serikali ilikuwa ikiwafanyia mambo bila kuwauliza. Enzi hizo zimekwisha! Sasa serikali inawauliza, kisha inawafanyia."

Tukapiga makofi. Zikagawiwa fomu. Fomu ilikuwa na visanduku viwili vya kuweka alama: NAKUBALI, na NAKUBALI SANA.

Mama Kurwa, jirani yetu muuza maandazi, akainuka. Sauti yake haihitaji kipaza. "Mwanangu, na asiyekubali anaweka alama wapi?"

"Mama, hii ni fomu ya ushirikishwaji. Asiyekubali hajashirikiana, kwa hiyo fomu haimhusu."

"Basi mimi hainihusu."

"Haiwezi kutokuhusu, mama. Unaishi hapa."

Mama Kurwa akaigeuza fomu nyuma, akaona patupu, akairudisha mbele. "Haya. Mmesema mnaziba matundu yote ili moshi usitoke kwenda kuichoma dunia. Sasa moshi utatokea wapi?"

Bwana Kasembo alifurahi sana. Alimgeukia karani wake akasema, "Andika. Mkazi ameuelewa mradi." Kisha akatuambia, "Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa katika wilaya hii. Hilo ndilo lengo, mama. Hautatokea."

Makofi tena. Na mimi nilipiga.

Bibi naye akainua mkono, polepole, kwa heshima. "Baba, mimi nina kifua."

"Andika," Bwana Kasembo akamwambia karani. "Mkazi mzee ametoa maoni kutoka kifuani."

Baadaye tuliulizwa jambo moja ambalo tungeamua wenyewe kabisa, bila kuingiliwa na mtu: rangi ya utepe. Kila chumba kingepewa jiko la umeme, na kila jiko lingefungwa utepe ili lizinduliwe. Utepe uwe wa kijani au wa buluu? Tulibishana saa nzima. Watu walisimama, walinyoosheana vidole. Mzee mmoja wa kijani hakumsalimia shemeji yake wa buluu kwa wiki mbili. Sasa nikikumbuka naona haya, lakini wakati ule hakuna aliyeona ajabu. Tulikuwa hatujawahi kuulizwa kitu, na tulipoulizwa tuling'ang'ania kile kile tulichopewa. Kijani kilishinda.

Mwisho ukaja uchaguzi wa Mwakilishi wa Wakazi. Mama Kurwa alitajwa na wengi. Bwana Kasembo akasema jina limepokelewa, kisha akatazama huku na huku mpaka macho yake yakatua kwangu.

"Binti yule anajua kusoma?"

"Kiasi," watu wakamjibu. "Aliishia darasa la tano."

"Kiasi ndicho tunachotaka. Ni msemaji?"

Watu wakacheka. "Huyo? Huyo akikanyagwa anaomba radhi."

Nikachaguliwa kwa kauli moja, ambayo haikuwa yangu. Nilivishwa filimbi shingoni na kofia iliyoandikwa SAUTI YA WAKAZI.

*

Mafundi walikuja na saruji. Waliziba matundu sita katika kila dirisha. La saba, lile la mwisho kushoto, waliliacha, maana kanuni ilisema tundu la mwisho lizibwe na mkazi kwa mkono wake mwenyewe, apigwe picha, na picha iende kwa wafadhili kama ushahidi. Mkazi asipokuwepo, fundi atashiriki kwa niaba yake.

Chumba cha Mama Kurwa kilikuwa kati ya vile vya mwanzo. Alipiga donge lake ndani ya tundu kwa madaha, akatabasamu mbele ya kamera. Bwana Kasembo akamsifu. Kumbe lilikuwa donge la unga wa maandazi, amelipaka majivu. Wageni walipogeuka, kuku wakaanza kulidonoa.

"Ninyi mnaogopa nini?" alituambia akifuta mikono kwenye kanga. "Wao wanataka picha. Wapeni picha."

Siku ya chumba namba kumi na tisa ilikuwa Jumatano, siku ya Bibi ya kliniki. Kabla ya kuondoka alinishika bega.

"Siku, hilo la kushoto waambie waniachie."

"Sawa, Bibi."

"Wakikubishia, lia. Wanaume wenye kalamu wanaogopa machozi."

"Sawa, Bibi."

Walikuja watu tisa katika chumba cha watu wawili: Bwana Kasembo, karani, mpiga picha, fundi mwenye mwiko na karai, na wengine wa kutazama. Kulikuwa na joto na kila mtu alikuwa na haraka, kwa sababu vilibaki vyumba vitano na soda zilikuwa zinapata moto. Tundu likazibwa. Picha ikapigwa. Wakaenda.

Bibi aliporudi alisimama mlangoni na mfuko wake wa dawa. Aliangalia juu muda mrefu.

"Nani kaliziba?"

"Mafundi, Bibi."

"Uliwaambia?"

"Niliwaambia."

Akavua viatu, akakaa kwenye kigoda chake, palepale, chini ya saruji iliyokuwa bado mbichi. "Mungu awasamehe," akasema. "Na wao wametumwa."

*

Majiko ya umeme yalifika kabla ya Krismasi, kama Mheshimiwa alivyoahidi, yamefungwa utepe wa kijani. Yalikuwa meupe, mazuri. Kila moja liliambatana na tangazo: MARUFUKU KUTUMIA KABLA YA MGENI RASMI. Utepe ungekatwa na Mheshimiwa Waziri mwenyewe, katika kila chumba, kwa mkasi uliotoka wizarani. Mkasi ule, kwa kuwa mimi ni Mwakilishi, nilikabidhiwa niutunze ndani ya sanduku lenye kitambaa chekundu. Nikauweka chini ya kitanda.

Mheshimiwa alitarajiwa Jumamosi. Akaitwa kwenye mkutano wa hewa, akapanda ndege. Akatarajiwa Januari. Akaitwa kwenye mkutano wa kutathmini ule mkutano, akapanda ndege. Jiko la pamoja lilikuwa limeshabomolewa, kwa sababu moja ya nguzo zake ilikuwa pale ambapo jukwaa la mgeni rasmi lilitakiwa liwe. Jukwaa likajengwa, la mbao, lina paa. Tukapikia uani juani, jukwaa likitutazama. Kulisogelea na jiko la mkaa ilikuwa kosa.

"Hebu tukate tu huu utepe," Mama Kurwa aliniambia siku moja. "Mkasi si uko kwako?"

"Si wetu, mama."

"Utepe wa kijani tuliuchagua sisi! Tulitoana macho kwa ajili yake!"

"Mkasi si wetu," nikasema, na yeye akanitazama kama mtu anayetazama sufuria lenye tundu.

Mwezi huohuo wa Januari zilikuja kalenda. Kila chumba kilipewa moja, bure. Katika picha zote ishirini na nne za kuziba matundu, wizara ilikuwa imechagua moja iliyopendeza kuliko zote. Haikuonyesha uso. Ilionyesha mkono, donge la saruji, na kipande cha mwisho cha mbingu kikifunikwa. Chini yake: MKONO WA MWANANCHI. AMESHIRIKI.

Bibi aliipokea akaipeleka karibu na macho, kwa kuwa macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Aliishikilia hivyo kwa muda. Kisha akaniomba msumari, akaitundika mwenyewe ukutani, mkabala na kigoda chake.

"Mkono mzuri," akasema.

*

Ili kuuthibitishia ulimwengu, ziliwekwa Saa za Kipimo. Kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa sita mchana, Bwana Kasembo alisimama barabarani na darubini, akitazama kama kuna chumba kinachotoa moshi. Nyumba ilipimwa kwa nje, maana mkataba ulihusu kinachotoka. Kilichobaki ndani hakikuwa na fomu. Katika saa hizo milango na madirisha yote yafungwe. Chumba kitakachoonekana kikitoa moshi kitaandikwa kwa wino mwekundu, na kikiandikwa mara tatu atapewa mkazi mwingine mwenye moyo wa kushirikiana. Mimi nilipiga filimbi ya kuanza, na mimi nilipiga filimbi ya kumaliza.

Kiangazi hatukuona tabu sana. Tulipikia nje, kabla ya saa tatu au baada ya saa sita, tukafungiwa ndani kama kuku na kutoka jasho. Darubini ikaona sifuri kila siku. Bwana Kasembo alipandishwa cheo akiwa amesimama palepale barabarani.

Kisha mvua ya masika ikaanza. Ikanyesha siku tatu bila kupumzika, uani pakawa dimbwi, na hakuna mkaa unaowaka kwenye dimbwi. Watu wakaingiza majiko ndani.

Bibi alikuwa na agizo lake la kliniki: dawa ya kifua anywe saa nne, baada ya kula chakula cha moto, asiruke hata siku moja. Wizara ya Hewa ilitaka mlango ufungwe saa nne. Bibi aliziheshimu ofisi zote mbili. Asubuhi ya siku ya nne ya mvua aliwasha jiko la mkaa ndani, akaweka uji. Karibu naye, juu ya stuli, lilikuwa jiko jeupe la umeme. Alilifuta vumbi kila siku, na utepe wake aliukunjua vizuri ili usije ukajikunja kabla mgeni hajafika.

"Nenda kapige filimbi yako," aliniambia. "Usichelewe, wasije wakatuandika."

"Utaacha mlango wazi kidogo?"

"Jana na juzi tuliuacha wazi tukaandikwa mara mbili, Siku. Fungia nje."

Nikafunga. Nikaenda nikasimama barabarani chini ya mwavuli wa Bwana Kasembo, nikapiga filimbi.

Alitazama chumba kimoja kimoja. Chumba cha Mama Kurwa kilitoa moshi kidogo kwenye lile tundu la maandazi, akakiandika. Alipofika namba kumi na tisa alisimama. Akashusha darubini, akaifuta kwa leso, akatazama tena.

"Sifuri," akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye msikitini. "Sifuri kamili. Binti, nimepima mikoa minne. Sijaona nyumba kama ya bibi yako."

Mimi nilikuwa nasikiliza. Kila siku katika Saa za Kipimo nilikuwa namsikia Bibi akikohoa, hata barabarani, kikohozi kirefu kinachoishia na neno "Yarabi." Siku ile sikukisikia. Nikajiambia ni mvua inapiga kelele kwenye bati. Nikajiambia dawa imeanza kumfaa.

Ilikuwa saa tano na nusu. Filimbi ilikuwa shingoni mwangu. Nilisubiri mpaka saa sita.

Nilipofungua mlango, moshi ulitoka wote kwa pamoja, ukanipita, ukaingia kwenye mvua. Bibi alikuwa kwenye kigoda chake, mgongo ukutani, ameinua uso kuelekea pale pa kushoto na kinywa kiko wazi. Uji ulikuwa umeungua. Jiko jeupe lilikuwa safi.

*

Mheshimiwa Waziri alikuja siku ya tatu ya msiba. Wizara ilikuwa imegundua kwamba kuja mara moja kwa shughuli mbili, uzinduzi na rambirambi, kunapunguza moshi wa magari, na jambo hilo nalo likaandikwa kama mafanikio. Alikuja na magari kumi na saba.

Alipanda jukwaani. Wafiwa tulikaa chini kwenye mikeka, kanga vichwani.

"Ndugu zangu," alisema, "marehemu Bi Mwanahawa alikuwa mkazi wa mfano. Nyumba yake ilifika sifuri miaka kumi kabla ya lengo la dunia. Wapo viongozi walioanza safari hii na wakachoka njiani. Yeye hakuchoka! Na leo nawaambia bila kusitasita, tangu Jumanne hajatoa hewa ukaa hata chembe."

Msaidizi wake akaanza kupiga makofi. Watu wawili watatu wakapiga, kwa mazoea, kisha wakaitazama mikono yao na kuacha.

Katikati ya kimya hicho likasikika pigo. Du. Likafuata lingine. Du. Lilitoka kwenye vyumba.

"Ni nini hicho?" Mheshimiwa akauliza.

"Makofi, Mheshimiwa," akajibu Bwana Kasembo. "Ya asili."

Mheshimiwa akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaendelea na hotuba akifuata mapigo. Mimi nilikuwa nimekaa mahali ninapoona. Saruji juu ya dirisha la Mama Kurwa ilipasuka, vumbi likamwagika, na ncha ya mchi wa kinu ikatokeza nje. Ikarudi ndani. Ikatokeza kwenye tundu la pili. Halafu chumba cha jirani nacho kikaanza, na cha ng'ambo, mpaka kota nzima ikawa inatwanga. Mheshimiwa aliinua mikono yote miwili kupokea shangwe.

Kisha aliongozwa mpaka namba kumi na tisa. Nilileta sanduku lenye kitambaa chekundu, nikapiga goti, akachukua mkasi. Akakata utepe. Akawasha jiko. Halikuwaka, maana mvua ilikuwa imeangusha nguzo ya umeme tangu Jumapili. Akapigwa picha akiwa ameweka sufuria juu yake, akatabasamu, akasema harufu ya chakula ni nzuri.

Mama Kurwa aliingia baada yao, nywele nyeupe kwa vumbi la saruji, mchi bado mkononi. Alisimama mbele ya tundu la kushoto akauinua.

"Nipige?" akaniuliza.

Nilitikisa kichwa kukataa. Alidhani ni uchungu tu. Akauegemeza mchi ukutani, akanikumbatia, akaniacha nilie begani mwake.

*

Wizara haikukasirika. Baada ya mwezi ilitoa ripoti nzuri sana. Ilisema wakazi wa Kota Namba Saba, kwa kushirikishwa ipasavyo, wamebuni teknolojia ya asili ya kupitisha hewa kupitia ukutani, na kwamba wataalamu watakuja kujifunza. Umeanzishwa mradi mpya, Mradi Shirikishi wa Kutoboa. Fomu zimeshafika, zenye visanduku viwili. Kwenye ubao wetu wamebandika mchoro mwingine, na watu wake pia wamevaa makoti, ila wamefungua vifungo.

Wanataka tundu la kwanza katika taifa lifunguliwe na mkono uleule wa kwenye kalenda, ili picha zifanane. Wametangaza nishani ya Mwananchi Shupavu kwa mwenye mkono. Hadi sasa wamejitokeza watu saba. Mmoja ni diwani, ambaye siku ile hakuwepo hata wilayani. Wote wamepimwa vidole na wataalamu, na vya wote vimekutwa vinafanana na vya kwenye picha kwa kiasi cha kuridhisha.

Hakuna aliyenijia mimi. Mwakilishi wa Wakazi haulizwi.

Lakini kalenda bado iko ukutani, mkabala na kigoda, na mwezi wake umekwishapita. Mkono ule una kovu kwenye kidole gumba, dogo, kama punje ya hindi. Mwenye mkono aliungua na mafuta akiwa na miaka sita. Bibi yake alimpaka asali siku nyingi, akimpulizia kila asubuhi na kumwambia usilie, kidole kitapona, kitakusaidia kazi ukikua.

Chumba kilikuwa kimejaa watu, Bibi. Fundi alikuwa ameshajitolea kuliziba yeye. Bwana Kasembo akasema afadhali binti, mkono wa binti utapendeza zaidi, akaniwekea saruji kiganjani, na wote wakawa wananingojea. Neno lilikuwa moja tu. Nikaona haya kuwachelewesha.

Hawakuwa mafundi, Bibi. Mungu usimwombe awasamehe wao. Ulinishika bega ukaniambia nikuachie lile la kushoto, na nilikusikia.